Bondia Hupunguza Uzito Jikoni, Si kwa Kiu



Mwalimu wenu aliponiomba niandike habari ya chakula cha mabondia, nadhani alitegemea orodha: kula hiki, acha kile. Orodha ninayo na mtaipata humu humu. Lakini kabla ya orodha sina budi kuwaeleza kilichotokea nyumbani kwangu hapa Bluff mwaka jana, mwezi wa Juni. Mwenye kisa ni mpwa wangu. Nimemwomba ruhusa, amenipa, kwa sharti nisimtaje jina. Basi nitamwita kijana.

Kijana ana miaka 16. Mama yake, dada yangu, anafanya kazi za zamu ya usiku, kwa hiyo siku za wiki kijana analala kwangu. Ni mtoto mtulivu, anapenda ngumi kuliko kitu kingine chochote. Asubuhi kabla ya shule anakimbia kutoka kwetu mpaka Brighton Beach na kurudi, na wale mnaoijua Bluff mnajua kwamba kushuka baharini si kazi, kazi ni kupanda kurudi. Jioni anaruka kamba katika banda langu la gari. Mimi mwenyewe nilicheza ngumi ujanani, Tanga, kwa hiyo ninamsaidia, ingawa ana kocha wake.

Usiku mmoja nilirudi kutoka bandarini, nikaona mvuke unatoka chini ya mlango wa bafu. Nikadhani bomba la maji ya moto limepasuka. Nikagonga, kimya. Nikagonga tena, nikafungua.

Kijana alikuwa amekaa sakafuni. Amevaa majaketi mawili, na ndani yake mifuko ya takataka, ile mikubwa myeusi, ameitoboa matundu ya kichwa na mikono. Bomba la maji ya moto liko wazi, bafu zima ni ukungu. Midomo yake imekauka, ina weupe kama wa chumvi. Mbele ya miguu yake kuna mizani.

"Bado kilo moja tu, mjomba," akaniambia.

Alikuwa hajanywa maji tangu asubuhi ya jana yake. Alikuwa na pambano la vijana mwisho wa wiki ile, na alitaka apimwe kwenye kilo 60 badala ya kilo 63, kwa sababu aliogopa kwamba kwenye 63 angekutana na wavulana warefu kuliko yeye.

Nikafunga bomba. Nikamvua ile mifuko. Nikamuuliza kwa ukali, "Nani amekufundisha upuuzi huu?"

Akaniangalia kama mtu asiyeelewa swali. Akasema, "Si wewe, mjomba? Ulituhadithia siku ya Idi."

Wazazi wenzangu, nilikaa chini, palepale kwenye sakafu yenye maji.

Alikuwa anasema kweli. Kila tunapokutana watu wa nyumbani, kila pilau likishaliwa, mimi huombwa hadithi za ngumi, na hadithi yangu kubwa ni jinsi nilivyopunguza kilo nne kwa siku tano. Nimeisimulia mara nyingi, na watu hucheka sana ninapofika mahali pa koti la mvua. Lakini nilikuwa nikiisimulia nusu. Usiku ule bafuni, kwa mara ya kwanza, nilimsimulia mtu nusu ya pili. Sasa nawasimulieni na ninyi.

Mwaka ulikuwa 1994, nami nilikuwa na miaka 19. Nilicheza uzito wa unyoya, kilo 57. Ndio uzito aliochezea Philip Waruinge wa Kenya, aliyepata medali ya shaba katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 na ya fedha Munich mwaka 1972, na picha yake kutoka gazetini niliibandika ukutani. Lakini mimi nilikuwa nimekua. Mizani ilisema 61. Sikutaka kuachana na uzito wa Waruinge, na kocha wangu hakutaka nimpoteze nafasi yake kwenye timu. Basi nikavaa koti la mvua la nailoni juani, nikakimbia barabara ya Raskazone saa saba mchana. Nilikula chungwa moja asubuhi na yai moja jioni. Siku mbili za mwisho sikunywa maji. Nilitafuna ubani, nikawa natema mate kwenye kopo, maana tuliambiwa hata mate yana uzito. Siku ya kupima nikapanda mizani: 57 kamili. Watu wakapiga makofi. Hapo ndipo hadithi yangu ya Idi ilipokuwa ikiishia.

Iliyobaki ni hii. Baada ya kupimwa nilikunywa soda tatu mfululizo na kula sahani mbili za wali, nikatapika. Jioni nikaingia ulingoni. Raundi ya kwanza niliona mpinzani wangu vizuri, lakini mikono haikwenda nilikoituma. Raundi ya pili misuli ya miguu ikakaza. Kisha ikaja ngumi ya mkono wa mbele, nyepesi, ya aina ambayo kila siku mazoezini nilikuwa nazipokea kumi bila kupepesa. Nikaanguka. Nilipozinduka nilikuwa nimelazwa kwenye benchi na taulo la maji kifuani. Kwa siku mbili mkojo wangu ulikuwa na rangi ya chai ya rangi, na mgongo uliniuma upande wa figo. Niliona aibu kwenda hospitali. Kocha alisema sikujituma. Nami nikamwamini, na kwa miaka mingi nilijua moyoni kwamba nilishindwa kwa sababu ni mwoga.

Sikushindwa kwa woga. Nilishindwa kwa kiu.

Wanangu, hebu fanyeni jaribio dogo kesho. Chukueni chupa ya maji ya lita moja, muiweke juu ya mizani ya jikoni. Itasoma karibu kilo moja. Kwa hiyo mtu akivuja jasho lita mbili, mizani itasema amepungua kilo mbili, naye atafurahi. Lakini mafuta yake yote yako palepale. Mizani haijui tofauti ya maji na mafuta. Kinachojua ni mwili.

Ili kilo moja ya mafuta iondoke, mwili unapaswa kutumia karibu kalori 7,700 zaidi ya zile ulizokula. Kijana wa kilo 60 akikimbia saa nzima anatumia kama kalori 600 hivi. Pigeni hesabu wenyewe. Hakuna anayeondoa kilo tatu za mafuta kati ya Jumatano na Jumamosi. Anayekwambia kaziondoa ameondoa maji.

Na maji yale hayakuwa mzigo. Damu inahitaji maji ili izunguke. Mwili unahitaji jasho ili upoe. Hata wanga tunaokula, ule wa ugali na ndizi, unapowekwa akiba ndani ya misuli huwekwa pamoja na maji: kila gramu moja ya akiba hiyo hushika kama gramu tatu za maji. Ukijikausha na kujinyima chakula, umeimwaga akiba yenyewe, na hiyo ndiyo nguvu uliyotaka kwenda nayo ulingoni. Wataalamu wa michezo husema mtu akipungukiwa na maji kiasi cha asilimia 2 ya uzito wake, uwezo wake huanza kushuka. Kwa kijana wa kilo 60, asilimia 2 ni kilo moja na gramu 200. Mpwa wangu alikuwa ameshapita hapo.

Tena maji hayarudi kwa haraka kama yalivyotoka. Ukinywa chupa mbili baada ya kupimwa, tumbo litajaa leo, lakini misuli na ubongo vinaweza kuchukua siku nzima au zaidi kabla ya kurudi katika hali yake. Ubongo ndio unaonitia hofu zaidi. Unaelea ndani ya maji kichwani, kama kiini ndani ya yai. Madaktari wa michezo wanaonya kwamba bondia aliyekauka anaweza kuumia zaidi kwa ngumi ileile ambayo siku nyingine isingemfanya kitu.

Sisi wa Durban tunajua ubongo ni kitu gani. Mwezi wa Juni mwaka 2022, huku huku mjini kwetu, Greyville, kijana Simiso Buthelezi alikuwa anaongoza pambano lake mpaka raundi ya mwisho, kisha ghafla akageuka na kuanza kurusha ngumi kwenye kona isiyo na mtu. Alifariki siku chache baadaye, akiwa na miaka 24, kwa damu iliyovuja kwenye ubongo. Simtaji kwa habari ya uzito. Namtaja kwa sababu wengi wenu mliiona ile video, na baada ya hapo hakuna mzazi wa bondia katika mji huu anayeweza kusema hakujua kwamba mchezo huu unacheza na kichwa cha mtoto wake. Ikiwa ngumi zenyewe zina hatari kiasi hicho, kwa nini tumpeleke mtoto akiwa tayari ameumia kabla ya kengele?

Kuhusu kujikausha kwenyewe, ushahidi upo. Marekani, katika wiki chache za mwisho wa mwaka 1997, wanamieleka watatu wa vyuo vikuu walikufa wakipunguza uzito kwa kuvaa nguo za mpira na kufanya mazoezi kwenye vyumba vya joto. Hakuna aliyefia kwenye mashindano. Walifia kwenye mizani. Baada ya hapo vyuo vikabadilisha sheria: nguo za mpira na vyumba vya joto vikapigwa marufuku, na kila mwanamieleka akawa anapangiwa mwanzoni mwa msimu uzito wa chini ambao haruhusiwi kuuvuka.

Usiku ule nilimpa kijana maji kidogo kidogo, yenye chumvi na sukari kiasi, na kipande cha ndizi. Asubuhi nikampeleka kwa daktari, kisha nikampigia kocha wake simu: kijana hachezi wiki hii. Kijana hakusema nami siku mbili. Siku ya tatu akaja jikoni nikiwa nakata vitunguu, akasimama mlangoni, akasema, "Basi nifundishe inavyotakiwa."

Hii sasa ndiyo orodha.

La kwanza, tulikubaliana kwamba hapunguzi kitu. Mtoto wa miaka 16 bado anakua, mifupa yake bado inajengwa, na mwili unaokua hauongezeki kwa makosa. Daktari alimpima, akasema kilo 62 na urefu wake vinapatana vizuri. Basi atacheza kilo 63. Kama siku moja daktari atasema kijana fulani ana mafuta ya kupunguza, itakuwa polepole, kama nusu kilo kwa wiki, na mtu mzima asizidi kilo moja. Mambo ya pambano huanza wiki nane kabla, hayaanzi siku tatu kabla.

La pili, tuliacha sukari ya kunywa. Kopo moja la soda linaweza kuwa na vijiko saba mpaka tisa vya sukari, na kijana alikuwa anakunywa mawili kwa siku akidhani anajipa nguvu. Sasa anakunywa maji. Kipimo chetu ni rahisi, msicheke: asubuhi anaangalia rangi ya mkojo. Ukiwa kama maji ya limau, sawa. Ukiwa kama chai ya rangi, kuna tatizo, amwambie mtu mzima.

La tatu, sahani. Nusu ya sahani ni mboga na matunda. Robo ni wanga: ugali, wali, viazi, majimbi. Robo ni vyakula vya kujenga mwili: maharage, samaki, mayai, kuku, nyama isiyo na mafuta mengi. Siku ya mazoezi mazito wanga unaongezeka mpaka theluthi ya sahani, kwa sababu bondia asiyekula wanga ni kama gari lisilo na mafuta. Saa tatu kabla ya mazoezi anakula chakula kamili. Saa moja kabla, ndizi moja inatosha. Akimaliza, hachelewi kula: maziwa, yai, maharage, chochote chenye kujenga misuli.

Hapo dada yangu alishtuka kidogo. Alidhani nitamtuma dukani kununua yale makopo makubwa ya unga yenye picha ya mwanamume mwenye misuli. Nikamwambia, dada, fungua macho, chakula cha bondia kimetuzunguka. Sokoni Durban kuna amadumbe: hayo ni majimbi yetu. Kuna amasi: hayo ni maziwa mgando. Kuna imifino: ni mboga za majani kama zile anazochuma bibi nyuma ya nyumba. Kuna isitambu, mahindi na maharage yaliyopikwa pamoja: nyinyi mnaotoka Tanzania hilo ni kande, na wenzetu wa Kenya wanaita githeri. Unga wa amabele ni mtama, unatoa uji mzuri wa asubuhi. Na miezi ya Juni na Julai, wale samaki wadogo wanapopita kwa mamilioni kwenye pwani hii, watu wanajaza ndoo, sisi tunawapaka ndimu na chumvi na kuwaweka kwenye makaa. Wanaopenda dagaa hawahitaji kuelezwa.

Wanangu, mnaona jambo jingine? Kizulu wanasema inyama, sisi nyama. Wanasema amanzi, sisi maji. Maneno haya yametoka ukoo mmoja wa lugha za Kibantu. Hamko mbali na kwenu kama mnavyodhani.

Wala hatukukataza raha. Bunny chow bado tunakula, ule mkate uliochimbwa katikati ukajazwa mchuzi, ila tunachukua robo mkate wa maharage, si nusu mkate wa nyama ya mafuta, na si usiku. Amagwinya, ndugu za maandazi yetu, ni za Jumamosi. Wali wa nazi ni wa Jumapili, na hapo mimi mtu wa Tanga sikubali mjadala.

La nne, Ramadhani. Kijana anafunga, na alikuwa na wasiwasi kwamba kufunga na ngumi haviendi pamoja. Vinaenda, kwa mpangilio. Mazoezi mazito tunayasogeza baada ya futari, mchana anafanya mepesi tu ya miguu na kivuli. Futari inaanza na tende na maji, kisha uji, kisha chakula, bila kukimbilia sambusa kumi. Maji anayanywa kidogo kidogo usiku kucha. Na daku haachi hata kama usingizi ni mtamu: uji wa mtama, mayai, maharage, tunda. Mwezi ule hapangiwi pambano. Na kufunga ni ibada. Asiugeuze kuwa njia ya kuiogopesha mizani.

Hiyo ndiyo orodha. Lakini nina neno moja zaidi na wazazi wenzangu, na wanafunzi mnaweza kusikiliza.

Siku chache baadaye kijana aliniambia kitu kingine. Kwamba hadithi yangu ilimpa njia, lakini sababu aliipata mahali pengine. Shangazi mmoja alikuja kutoka nyumbani, hakuwa amemwona miaka miwili, akamkumbatia na kusema kwa furaha, "Mashallah, umenenepa!" Sisi tuliokulia pwani tunajua maana yake: umependeza, una afya, mama yako anakulisha. Lakini kijana amekulia hapa, na shuleni kwake neno hilo ni tusi. Wiki hiyohiyo alifungua simu akaona mabondia wenye matumbo ya mistari. Wiki iliyofuata akanunua mizani kwa pesa yake ya mfukoni. Na akikonda, tunamwambia, "Kwenu hakuna chakula?" Mtoto ashike lipi?

Sisemi tuache kusalimiana kwa desturi zetu. Nasema tuwaeleze watoto maana ya maneno yetu, na tujizuie kuutolea mwili wao hukumu kila wanapoingia mlangoni. Na tuziangalie dalili: mtoto anayejipima kila siku, anayekula kwa siri au kukwepa meza, anayevaa majaketi kwenye joto, msichana ambaye siku zake zimekatika. Hayo si mambo ya kumgombeza. Ni ya kuongea naye kwa upole na kumpeleka kwa daktari.

Tunapokimbia pamoja Jumapili, mimi na kijana hupita karibu na Kings Rest. Wengi wenu mmeshasikia habari yake darasani. Kuanzia mwaka 1873 manowari za Waingereza zilileta Durban watu waliookolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa, wengi wao Wamakhuwa wa kaskazini ya Msumbiji. Wakaitwa Wazanzibari, na wengi wao wakaishi hapa Bluff, mpaka serikali ya ubaguzi ilipowahamisha kwa nguvu kwenda Chatsworth miaka ya 1960. Nilimwambia kijana, watu hawa miili yao iliwahi kupimwa na kupangiwa bei na mtu mwingine. Wewe mwili wako ni wako, amana uliyopewa. Usimruhusu mtu, hata mjomba wako, hata mizani, ikwambie thamani yake.

Pia nilimwonyesha mapambano ya Baby Jake Matlala wa Soweto. Urefu wake ulikuwa sentimita 147 tu, na karibu kila aliyepigana naye alimwangalia kutoka juu. Alijifunza kupigana ndani ya mwili aliokuwa nao: kuingia karibu, kupiga mbavuni, kutochoka. Akawa bingwa wa dunia. Kijana alitazama mapambano manne mfululizo bila kusema neno. Kesho yake nikamkuta bandani anafanya mazoezi ya kuingia chini ya ngumi ndefu.

Mwezi wa Septemba alicheza pambano lake la kwanza kwenye kilo 63. Asubuhi alikula uji na mayai mawili, akapanda mizani: 62 na gramu 600. Mpinzani wake alikuwa mrefu kweli, amemzidi kichwa kizima. Walicheza raundi tatu. Majaji walimpa ushindi yule mrefu.

Nilimsubiri chini ya ulingo, nikiwa na chupa ya maji mkononi na maneno ya kumfariji mdomoni. Hakuyahitaji. Alikuwa anahema, jasho linamtoka, macho yanang'aa. Akanywa, akafuta mdomo, akaniambia, "Mjomba, niliziona ngumi zote. Raundi ya tatu bado nilikuwa na miguu."

Mimi mwaka 1994 raundi ya tatu sikuiona.

Siku ya Idi mwaka huu nikaombwa tena ile hadithi ya koti la mvua. Nikaisimulia, na safari hii sikuishia kwenye makofi. Hakuna aliyecheka sana, lakini watoto wote walisikiliza mpaka mwisho, na kijana alikuwa amekaa mbele yao.

Kazi ya nyumbani, wanafunzi: muulize bibi, babu au mzazi wako, walipokuwa wadogo walikula nini walipohitaji nguvu? Andika sentensi tano kwa Kiswahili, ukataje chakula kimoja ambacho unaweza kukipata hapa Durban. Na wazazi, mkiwa na hadithi ambayo mmekuwa mkiisimulia nusu, Jumamosi tutakuwa na chai, njooni muimalizie.